Kumbukumbu za Afya Likoni: Programu Huria na Haki ya Mkaazi

Mtoto anapochanjwa katika kituo cha afya cha umma huko Likoni, muuguzi huandika katika kijitabu cha mama na mtoto, kisha katika rejista ya kituo. Mwisho wa mwezi chanjo zote hujumlishwa katika fomu ya MOH 710. Fomu hiyo hutakiwa kufika ofisi ya afya ya kaunti ndogo kufikia tarehe 5 ya mwezi unaofuata, na kufikia tarehe 15 takwimu zake ziwe zimeingizwa katika KHIS, mfumo wa kitaifa wa taarifa za afya. Huko jina la mtoto halipo, kuna idadi tu. Lakini idadi ikikosewa, mipango ya chanjo nayo hukosewa.

Takwimu hizo hukaa ndani ya hifadhidata. Hii ni programu ya kompyuta inayofanya kazi ya karani wa masjala: hupokea kumbukumbu, huiweka mahali pake, na huitoa inapoulizwa, hata kama watu mia wanauliza kwa wakati mmoja. KHIS imejengwa kwa DHIS2, programu inayosimamiwa na Chuo Kikuu cha Oslo nchini Norway. DHIS2 nayo huhifadhi data yake katika PostgreSQL, hifadhidata iliyoanza kama utafiti katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1986. Zote mbili ni programu huria. Maana yake, maagizo yaliyoandikwa kuziunda yako wazi. Mtu yeyote anaweza kuyasoma, kuyatumia na kuyarekebisha bila kununua leseni.

Pwani ina sehemu yake katika historia hii. Awali ilidhaniwa kwamba kila wilaya ingehitaji programu hiyo kwenye kompyuta yake yenyewe. Majaribio ya mwaka 2011 katika uliokuwa Mkoa wa Pwani yalionyesha kuwa intaneti ya modemu za simu inatosha, na kwamba seva moja inaweza kuihudumia nchi nzima. Kufikia Septemba mwaka huo mfumo ulikuwa umeenezwa kote nchini. Hakuna wilaya iliyolazimika kusubiri leseni yake inunuliwe kwanza.

KHIS haiko peke yake. Vituo vingi nchini, hasa kliniki za huduma za VVU, hutumia KenyaEMR kuweka kumbukumbu za mgonjwa mmoja mmoja. Mfumo huo umejengwa juu ya OpenMRS, programu iliyoanzishwa mwaka 2004 ambayo Eldoret ilikuwa miongoni mwa mahali pa kwanza kuitumia. Hifadhidata yake ni MySQL. Oracle, kampuni kubwa inayouza hifadhidata za leseni, ilipoichukua MySQL mwaka 2010, watumiaji wengi duniani walihofu kwamba mlango ungefungwa. Lakini kwa kuwa maagizo yalikuwa wazi, mwanzilishi wake, Michael Widenius, alikuwa tayari amechukua nakala na kuanzisha MariaDB. Mwenye programu alibadilika, ila kazi za watu hazikusimama.

Mfumo wa tatu uko mikononi mwa wahamasishaji wa afya ya jamii wanaotembelea nyumba Mtongwe, Bofu, Timbwani na kwingineko. Simu walizopewa kuanzia mwaka 2023 zina programu ya eCHIS, ambayo hutumia hifadhidata huria ya CouchDB. Sifa yake kubwa ni kwamba mhamasishaji anaweza kusajili mama mjamzito hata mtandao ukiwa umekatika. Kumbukumbu hubaki kwenye simu, kisha hujituma mtandao ukirudi.

Hapa kuna jambo linalowachanganya wengi. Programu kuwa huria hakumaanishi kwamba data ya mgonjwa iko wazi. Muundo wa kufuli unajulikana na kila fundi, lakini ufunguo ni wa mwenye nyumba. Kufuli ambalo mafundi wengi wamelichunguza huwa afadhali, mradi ufunguo usiachwe mlangoni. Nenosiri linaloshirikiwa na wafanyakazi watano ni hatari kuliko programu yoyote.

Tena, huria si bure. Leseni hailipiwi, lakini seva, umeme, nakala za akiba na mishahara ya wataalamu hulipiwa kila mwaka. Bajeti inayofurahia kuokoa pesa za leseni bila kutenga za matengenezo imeahirisha gharama tu. Na hata hifadhidata ya wazi kabisa haitafaa kitu ikiwa mwanakandarasi ndiye pekee aliye na nenosiri. Kwa hivyo, katika vikao vya ushirikishwaji wa umma, mkaazi ana haki ya kuuliza kuhusu mfumo wowote unaonunuliwa kwa pesa za umma: mkataba ukiisha, kaunti itakabidhiwa data yote kwa muundo unaosomeka? Nakala ya akiba iko wapi, na ni lini mara ya mwisho ilijaribiwa kurejeshwa? Swali la mwisho halipendwi sana, na ndilo muhimu zaidi.

Kuhusu kumbukumbu za mtu binafsi, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inampa mkaazi haki ya kujua data yake inatumiwa kwa nini, kuiona, na kutaka irekebishwe ikiwa si sahihi. Data ikivuja kwa namna inayoweza kumdhuru, mwenye kuidhibiti anatakiwa kumjulisha Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu agundue. Mama akiona tarehe ya chanjo ya mwanawe si sawa, aende na kijitabu kwenye kituo kilichomchanja na aombe rejista isahihishwe. Asiporidhika, anaweza kuwasilisha malalamishi kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data.