Vifuko vya Maji Kwenye Kongosho na Saratani za Kurithi

Kongosho limejificha nyuma ya tumbo la chakula, ndiyo maana uvimbe wake mara nyingi hugunduliwa kwa bahati, mgonjwa anapopimwa kwa ultrasaundi kwa sababu nyingine. Kifuko chenye maji hakimaanishi saratani. Baadhi huachwa na kuvimba kwa kongosho kunakoletwa na pombe au mawe ya nyongo. Vingine, vyenye ute mzito, vyaweza kugeuka saratani na hupaswa kufuatiliwa.

Vifuko vingi katika kongosho la mtu ambaye bado kijana hudai swali lingine: je, kuna ugonjwa wa ukoo? Mmojawapo ni ugonjwa wa von Hippel-Lindau, unaompata takriban mtu 1 kati ya 36,000. Jeni yake ilitambuliwa mwaka 1993, nayo iko katika kromosomu ya 3. Mzazi mwenye hitilafu hiyo anaweza kumrithisha kila mtoto, wa kike au wa kiume, kwa uwezekano wa nusu kwa nusu. Kwa takriban mgonjwa 1 kati ya 5, hitilafu huanza kwake mwenyewe.

Vifuko vya ugonjwa huu kwa kawaida havidhuru. Hatari iko kwingine: saratani ya figo, uvimbe wa retina unaopofusha, uvimbe wa ubongo na uti wa mgongo, na uvimbe wa tezi za adrenali zilizo juu ya figo. Huo wa mwisho hupandisha shinikizo la damu ghafla, pamoja na maumivu ya kichwa, jasho na mapigo ya moyo kwenda mbio. Usipotambuliwa kabla ya dawa ya usingizi au kujifungua, unaweza kuua.

Zahanati ya kijiji kama Kidahwe haihitaji mashine kubwa ili kuanza uchunguzi. Inahitaji karatasi, kipima shinikizo na maswali sahihi. Kiswahili humwita kaka hata mtoto wa baba mdogo, na ndugu hata jirani wa siku nyingi. Kwa hiyo mhudumu aulize: mmezaliwa na mama na baba mmoja? Nani alipofuka kabla ya uzee? Nani alikufa kwa figo au uvimbe wa kichwa, akiwa na umri gani? Majibu yachorwe kama mti wa ukoo, vizazi vitatu, upande wa baba na wa mama.

Mti ukionyesha mfululizo, mgonjwa apewe rufaa kwenda Hospitali ya Maweni mjini Kigoma, na ikibidi Bugando au Muhimbili, akiwa na nakala ya mti huo. Ndugu wa damu nao wapimwe: macho tangu utotoni, shinikizo la damu kila mwaka, figo na kongosho kuanzia ujana. Uvimbe wa figo usiofikia sentimita 3 kwa kawaida hufuatiliwa kabla ya upasuaji, ili figo ihifadhiwe.

Katika nyumba iliyozika vijana kadhaa, shutuma za uchawi huja upesi, na mara nyingi humwangukia mama au mjane. Mhudumu anayeeleza urithi kwa lugha nyepesi huwaondolea watu hao lawama, na huwapa watoto waliobaki nafasi ya kupimwa mapema.