Umeme wa Gari: Betri ni Ghala, Altaneta ni Shamba

Katika somo hili tutajifunza kwa nini gari lililoongezewa taa na vyombo vingine huua betri kila mara. Tutajifunza pia jinsi ya kuondoa tatizo hilo. Hesabu zetu ni za kujumlisha, kutoa na kugawanya tu.

YALIYOTUPATA

Kikundi chetu kina pikapu moja ya petroli. Mchana hubeba mahindi kwenda sokoni. Usiku, ikitokea shida, hubeba wagonjwa. Barabara yetu ina makorongo, kwa hiyo tulifunga taa nne kubwa juu ya kabini. Halafu tukaweka inveta ya kuchajia simu za abiria. Ikatuletea fedha kidogo, tukafurahi.

Usiku mmoja tulikuwa tunampeleka hospitali mama aliyeshikwa na uchungu. Baada ya saa mbili hivi taa zikaanza kufifia, zikawa nyekundu kama makaa. Injini ikakohoa, ikazimika. Dereva akijaribu kuwasha, haikuwaka. Bahati njema lori lilipita, likamchukua mama yule, akajifungua salama. Lakini tuliogopa sana.

Kesho yake kikao kilikuwa kikali. Hiyo ilikuwa betri ya tatu kwa mwaka mmoja! Wengine walisema eti dereva anauza betri nzima na kuweka mbovu, basi akatwe mshahara. Ndipo mama mmoja mhitimu wa kisomo akasema, "Jamani, kabla ya kumkata mtu, tusome kwanza kilichoandikwa." Tukafungua boneti. Kwenye kibati cha altaneta palikuwa na maandishi: 12V 55A.

MAANA YAKE NINI?

Altaneta huzungushwa na injini kwa mkanda. Ndiyo inayozalisha umeme gari likiwa linatembea. Betri haizalishi. Betri huweka akiba ya kuwashia injini. Kwa hiyo altaneta ni shamba, betri ni ghala. Mkila kuliko mnavyovuna, ghala litakwisha hata likiwa kubwa namna gani.

55A maana yake ni ampia 55. Hicho ni kiasi cha juu ambacho altaneta ile inaweza kutoa. Injini ikizunguka polepole, hutoa pungufu ya hapo.

HESABU

Chombo cha umeme huandikwa wati zake. Ukitaka ampia, gawanya wati kwa volti. Gari letu ni la volti 12.

Taa nne za wati 100 ni wati 400. Inveta yetu ilivuta wati 200. Jumla ni wati 600. Gawanya kwa 12, unapata ampia 50. Gari lenyewe, pamoja na taa zake za kawaida usiku, tulilipima likatumia ampia 30. Jumla yote ni ampia 80.

Sasa toa: 80 kutoa 55 ni 25. Ampia hizo 25 zilikuwa zinatoka kwenye betri. Betri yetu ni ya ampia-saa 70. Gawanya 70 kwa 25, hupati hata saa tatu. Na kwenye makorongo injini ilizunguka polepole, basi akiba ikaisha mapema zaidi. Tena betri ya gari inayokaushwa mara kwa mara hufa haraka.

Kumbe mwizi hakuwa dereva. Mwizi tulimfunga wenyewe juu ya kabini! Tulimwomba dereva radhi mbele ya kikao.

TULIFANYA NINI?

1. Kwanza tulipunguza matumizi. Tuliweka taa nne za LED, kila moja wati 25. Jumla ni wati 100, yaani ampia 8 na kidogo. Matumizi yote yakashuka hadi ampia 55 hivi.

2. Lakini 55 kwa 55 haiachi akiba. Tukafunga altaneta ya ampia 80. Fundi alihakikisha kwamba ni ya volti 12, inakaa vizuri mahali pake, na puli yake imenyooka sawa na puli ya injini.

3. Tulibadili waya unaotoka kwenye altaneta kwenda kwenye betri. Umeme mwingi katika waya mwembamba huleta moto. Tuliweka waya wa milimita 25 za mraba, na fyuzi ya ampia 100 karibu na betri. Waya wa kwenda kwenye bodi na injini nao tuliuongeza unene.

4. Tulifunga mkanda mpya na kuukaza vizuri. Mkanda uliolegea huteleza na kupiga kelele, na altaneta haizalishi inavyotakiwa.

5. Tulipima kwa mita. Injini ikinguruma na vyombo vyote vikiwaka, betri ilisoma volti 13.8. Ikishuka chini ya 13, altaneta imezidiwa. Ikipita 15, betri itachemka na kuharibika.

TAHADHARI

Kabla ya kazi, zima injini na ufungue kwanza waya wa hasi wa betri. Usivute sigara karibu na betri, maana hewa inayotoka ndani yake hulipuka. Tindikali ikikurukia, nawa mara moja kwa maji mengi. Mafundi wengine hung'oa waya wa betri injini ikiwa inanguruma, eti wanapima altaneta. Usikubali. Jambo hilo huweza kuiunguza altaneta na vyombo vingine vya gari.

Tena tukumbuke, umeme wa altaneta siyo wa bure. Injini hutumia mafuta zaidi kuuzalisha. Kwa hiyo zima usichokihitaji.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini kununua betri kubwa zaidi kusingetosha?

2. Gari la volti 12 limeongezewa taa mbili za wati 60. Zinavuta ampia ngapi?

3. Nendeni mkasome kibati cha altaneta ya gari mojawapo kijijini kwenu. Orodhesheni vyombo vyake, kisha mjumlishe. Je, shamba linatosha?