Kikwembe cha Mama, Sauti ya Baba: Mbinu za Kutunza Vitu Tunavyovipenda na Kuvitafuta Vinapopotea

Katikati ya Februari 2025, waasi wa M23 walipokuwa wakiingia Bukavu, maghala ya mji yalivunjwa, na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, PAM, likatangaza kwamba tani zipatazo 7,000 za chakula zimeporwa. Hesabu ya namna hiyo hupatikana upesi, maana ghala lina daftari. Kikwembe alichovaa mama siku ya harusi, redio ya baba iliyokaa dirishani miaka yote, Biblia yenye majina ya watoto na tarehe zao za kuzaliwa kwenye ukurasa wa kwanza: hivyo haviandikwi popote. Huporwa pamoja na sufuria na magodoro. Mwenyewe akifika kwa ndugu zake Mumosho, juu ya mto Ruzizi, anaulizwa kama watoto wote wamefika. Wamefika. Anamshukuru Mungu, anapewa maji, anakaa. Siku zinapita, usingizi unarudi, ndipo kikwembe kinapomjia moyoni, na anaona haya kukitaja.

Namwandikia mtu huyo, na namwandikia pia yule ambaye kikwembe chake bado kimo sandukuni. Kulilia kitu cha mama hakupunguzi hata kidogo shukrani ya kwamba watoto wako hai. Mwaka 1988 mtaalamu wa Marekani, Russell Belk, aliandika kwamba vitu tunavyoishi navyo huingia katika nafsi zetu, hata kuvipoteza kukawa kama kupungukiwa na sisi wenyewe. Huku Kivu jambo hilo halikungoja maandishi ya chuo kikuu. Walega wa Mwenga na Shabunda, katika chama chao cha bwami, walikuwa na vinyago vidogo vya mti na vya pembe za ndovu, kofia, visu na vitu vingine vya daraja mbalimbali. Kila kitu kilikuwa na methali zake, kilitolewa kwa ngoma na mafundisho, na mwenyewe alipofariki kilimwendea mrithi anayejulikana. Wabelgiji walikipiga chama hicho marufuku mwaka 1948. Vitu vingi vya Kilega vilivyo leo katika makumbusho ya Ulaya vilifika huko bila jina la mtu aliyevishika. Vinatazamwa, vinasifiwa, na hakuna anayeweza kusema vilikuwa vya baba wa nani.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kukusanya maneno ya kitu wakati mwenyewe yupo. Kaa naye jioni, kitu kikiwa mkononi mwake, maana mkono ukishika, ulimi hufunguka. Uliza kwa heshima na kwa ufupi: "Mama, hiki ulipewa na nani? Mlikuwa mnakaa wapi wakati ule?" Kisha uliza swali ambalo watu hulisahau: "Kwa nini hukukiuza mwaka ule wa taabu?" Hapo ndipo habari yenyewe inapotoka. Utasikia kuhusu vita vya 1996, au vya 2004, au mwaka wa njaa ambao nyumba nzima iliuza kila kitu isipokuwa hicho. Andika kwa penseli, kwa sababu maandishi ya penseli hayatawanyiki karatasi ikilowa. Weka jina la mwenyewe, jina la aliyempa, mahali na mwaka hata kama ni wa kukadiria. Ikiwa ni nguo, mpe fundi wa kushona ashonee ndani ya pindo kitambaa kidogo chenye jina. Kitambaa hicho kitakusaidia tena siku ya kutafuta, nitakuja kueleza.

Kazi ya pili ni kuchagua, na hii ni ngumu kuliko ya kwanza. Nyumba nyingi za huku zina mfuko uliokwisha kufungwa kwa ajili ya siku ya kukimbia: kadi ya mpiga kura, diploma, karatasi za shamba, kadi za chanjo za watoto. Ongeza humo kitu kimoja cha kila mtu wa nyumba, kisichozidi ukubwa wa kiganja au kikwembe kimoja kilichokunjwa vizuri. Mwache kila mtu achague mwenyewe, hata mtoto. Baba asimwambie binti yake kwamba kile kitambaa kilichochakaa si kitu cha kubeba. Mtoto mdogo anayekishikilia kitambaa chake kila anapolala anakitumia kujituliza, na njiani usiku kitamsaidia kuliko maneno yako mengi. Kipimo cha kuchagua ni kimoja tu: je, nikipata pesa kesho, ninaweza kukinunua sokoni Kadutu? Kama jibu ni ndiyo, kiache. Viatu vipya viache. Barua ya marehemu kaka yako ibebe.

Wazee waliotutangulia kandokando ya ziwa Kivu walikuwa na butega, bangili za nyuzi zilizosukwa, ambazo katika karne ya 19 zilitumika kama fedha kati ya visiwa, Bushi na Rwanda. Mali iliyovaliwa mwilini ilitembea na mwenyewe. Ukiwa na pete au ushanga wa mtu unayempenda, uvae. Sandukuni utausahau siku utakayokuwa na dakika chache tu.

Vitu vikubwa havibebeki: kinu, kiti cha mzee, cherehani. Vipige picha, lakini usivipige peke yake. Mpige mama akitwanga, mzee akiwa ameketi, fundi akiwa amekanyaga mashine. Kwa cherehani, piga pia picha ya namba iliyoandikwa kwenye chuma chake, kwa kuwa hiyo ni mali inayolisha nyumba na namba ndiyo ushahidi wako. Halafu picha hizo zisikae mahali pamoja. Mtumie ndugu wa Uvira, dada wa Goma, mjomba aliyeko Ulaya. Na ikiwa unavyo vitu vitatu vya marehemu mama, usivirundike vyote kwako kwa sababu wewe ndiwe mkubwa. Gawa. Ninajua maneno yanayozuka kati ya ndugu hapo, na ninajua nyumba ambazo hazisalimiani kwa ajili ya kikwembe. Hata hivyo, kitu kilicho kwa mdogo wako hakijapotea, na nyumba tatu haziungui usiku mmoja.

Kuungua nako ni hatari yetu ya kila msimu wa kiangazi, hasa katika nyumba za mbao zilizobanana za Kadutu. Ila milimani Mumosho adui wa kila siku ni unyevu. Mvua huanza Septemba na kuendelea hadi Mei, na sanduku lililokaa chini ya kitanda, juu ya sakafu ya udongo, hunywa maji polepole bila mtu kuona. Liinue juu ya matofali au mbao, mbali kidogo na ukuta. Mara moja kwa mwezi, siku ya jua, toa vitu vyote na uvianike kivulini. Kikwembe kifuliwe na kukauka kabisa kabla ya kukunjwa, na kila ukikirudisha badilisha mahali pa mikunjo, la sivyo kitachanika penye mkunjo ule ule.

Kuhusu picha za karatasi, tafadhali usikimbilie kuziplastifisha kwa moto. Picha iliyobanwa kwa plastiki ya moto haitolewi tena humo, na unyevu ukiingia pembeni huharibikia ndani ukiitazama. Mfuko mdogo wa plastiki ulio wazi upande mmoja unatosha, ndani ya bahasha, ndani ya kopo lenye kifuniko. Ikiwa picha za studio za zamani zimelowa na kushikana, usizibandue kwa nguvu. Zitumbukize katika beseni la maji safi ya baridi, subiri hadi ziachiane zenyewe, kisha zilaze juu ya kitambaa safi kivulini, uso ukitazama juu, bila kuzigusa wala kuzifuta. Fanya hivyo siku ile ile au kesho yake, kabla ukungu haujaanza. Picha zilizochapishwa kwa mashine ya wino usizitie majini, zitafutika. Hizo zianikwe tu. Biblia iliyolowa nayo usiipekue ukurasa kwa ukurasa. Isimamishe wima ikiwa imefunguka kidogo kama feni, weka karatasi kavu zisizo na maandishi hapa na pale katikati ya kurasa, na uzibadilishe zinapolowa. Kazi hiyo huchukua siku kadhaa. Majina ya watoto yanastahili siku hizo.

Sasa simu. Zamani mtu aliogopa kupoteza simu kwa sababu ya namba. Leo simu ya marehemu au ya mtoto wake ina sauti. Ujumbe wa WhatsApp ambamo baba anasema tu kwamba amefika salama Walungu na mbuzi amezaa: miezi sita baada ya mazishi, sauti hiyo ndiyo mali kubwa kuliko zote nyumbani. Na imekaa katika simu moja, mfukoni, kwenye taksi iliyojaa kuelekea Nyawera. Leo hii, kabla ya kulala, mtumie ndugu mmoja sauti hizo moja moja, naye azihifadhi; zikiwa kwenye simu yake hazitegemei tena simu yako. Mwambie rafiki mwenye kompyuta azinakili pia kwenye kadi ya kumbukumbu, kisha kadi hiyo ikae katika ule mfuko wa siku ya kukimbia. Na kama wazazi wako wapo, acha kuwafutia sauti zao kwa kuwa simu imejaa. Futa video za vichekesho.

Tuseme umefanya yote hayo na kitu kimepotea. Saa za kwanza ni za thamani. Keti kwanza, ujiulize mara ya mwisho ulikigusa wapi kwa mkono wako. Usianze na pale unapodhani kiliangukia, kwa sababu hofu hutuongoza vibaya. Kisha rudi kwa miguu njia ile ile. Ikiwa ulipanda pikipiki, nenda kwenye kituo cha wamotari uliposhukia na uwaeleze kwa upole. Wao kwa wao wanajuana. Waombe wanaosimamia matangazo kanisani wakusaidie Jumapili. Redio za huku, Redio Maendeleo ikiwemo, zimekuwa rafiki wa watu wa Bukavu na vijiji vyake kwa miaka mingi, na tangazo la redio hufika Mumosho kabla ya miguu yako. Katika tangazo eleza rangi na mahali, lakini usitaje alama yote. Kile kitambaa kilichoshonwa ndani ya pindo kinyamazie: atakayedai amekiona mwulize kina nini ndani.

Eleza pia habari ya kitu, hata kwa sentensi moja. Mwaka 1990 Daniel Kahneman na wenzake wawili walichapisha jaribio ambamo waliopewa kikombe cha kawaida walitaka kukiuza kwa bei inayozidi mara mbili ile ambayo wasiokuwa nacho walikuwa tayari kuitoa. Aliyeokota kikwembe chako anaona nguo kuukuu. Akisikia kwamba mama alikivaa siku ya harusi na sasa ni marehemu, ataona kitu kingine. Na kwa kuwa bei yake sokoni ni ndogo, matabishi utakayoahidi yanaweza kuizidi kwa urahisi. Taja kiasi, ukitoe bila kuuliza alikipata wapi. Ukikiona kinauzwa mitumba, usimkamate mwuzaji kwa kelele. Huenda naye alikinunua. Nenda na mtu mzima wa mtaa au chifu wa kijiji, mzungumze pembeni.

Kama hakikupatikana, jiandae kwa jambo hili: kilichopotea husumbua zaidi ya kilichoungua. Majivu umeyaona, lakini kilichopotea kinaendelea kuwa mahali fulani, na akili hurudi huko usiku. Jipangie mwisho wa kutafuta, mwezi mmoja hivi, na umwambie mtu wa karibu tarehe hiyo. Ikifika, kusanya wale waliokijua kitu. Kila mmoja aseme anachokumbuka kuhusu rangi yake, tundu lake, siku kilipovaliwa. Andikeni. Waombe jamaa waliopiga picha kwenye harusi na matanga ya zamani wapekue albamu zao, kwa maana mara nyingi kikwembe cha mama kiko pale nyuma, begani mwake, katika picha ya mtu mwingine. Usikimbilie kununua kinachofanana nacho. Kipya kinachofanana, kikija mapema, hukasirisha. Kikija baada ya mwaka kinaweza kupendwa kwa haki yake chenyewe.

Na wewe unayekwenda kumpa mtu pole, usimwambie kwamba ni kitu tu, wala kwamba wengine wamepoteza watu. Anajua. Mwambie: "Pole sana, Mama. Kilikuwaje?" Kisha nyamaza umsikilize mpaka amalize.