Matairi Makubwa kwa Pikapu ya Mizigo: Pima Kwanza

Siku niliyokata shauri la kubadilisha matairi nilikuwa nimepiga magoti kwenye mchanga wa Mapinga, njia ya kuteremkia baharini, nikifukua nyuma ya pikapu kwa mikono. Nilibeba tofali 40 za inchi 6, karibu tani moja, na difu ilikuwa imelala kabisa juu ya mchanga. Kijana wa bodaboda akasimama, akatazama kidogo, akauliza: “Mzee, upepo umepunguza?” Sikuwa nimepunguza. Matairi yalikuwa na upepo wa psi 50, kama nilivyotoka nayo kwenye lami ya Barabara ya Bagamoyo. Tukashusha hadi 25, nikaingiza 4L, nikarudi nyuma taratibu kwenye nyayo zangu mwenyewe. Gari likatoka na tofali zote zikiwa juu.

Naanza na hilo kwa sababu wengi wanaokuja kwenye duka la matairi wakitaka makubwa wana shida ya upepo. Tairi likipungua upepo hulala, na eneo linalokanyaga mchanga hurefuka kwenda mbele na nyuma. Gari linaelea juu ya mchanga badala ya kuuchimba. Kwa pikapu tupu mimi hushuka hadi 18 au 20. Yenye mzigo mzito siendi chini ya 25. Ukishashusha, mwendo usizidi kilomita 30 kwa saa na kona zikatwe polepole, maana mdomo wa tairi unaweza kuchomoka kwenye rimu. Kabla ya kurudi lami, jaza. Tairi laini lenye mzigo likikimbia kilomita 80 kwa saa, ubavu wake unajikunja na kujikunjua bila kupumzika, unapata moto, na mwisho linapasuka. Kompresa ndogo ya kubana kwenye betri pamoja na geji ya kuaminika ni vitu vya kununua kabla ya tairi lolote. Kama matairi yako yana tyubu, kuwa mwangalifu zaidi: upepo ukiwa mdogo tairi huteleza juu ya rimu, linaivuta tyubu, na valvu inakatika. Nimekatikiwa na valvu mara mbili.

Basi tumia geji kwa mwezi mzima. Ukiona bado unagota, hapo tuzungumze ukubwa. Na sababu za kweli zipo huku kwetu. Masika, njia za ndani kati ya Mapinga, Kiharaka na Kerege huchimbika mitaro miwili ya magurudumu, katikati ukabaki mgongo unaosugua difu. Ukivuka Bagamoyo ukashika njia za kwenda Saadani, unakutana na udongo mweusi wa mfinyanzi ambao mvua ikinyesha haumhurumii mtu. Hapo kimo cha tairi kinasaidia, kwa sababu difu ya nyuma haiinuliwi na springi. Ukiweka springi ndefu, kinachopanda ni bodi na chesisi. Difu inabaki palepale ilipo. Kitu pekee cha kawaida kinachoipandisha difu ni tairi.

Ila inapanda nusu tu ya kimo ulichoongeza. Chukua kalamu. Tairi la 265/65R17, ambalo Hilux nyingi huja nalo, lina upana wa milimita 265. Ubavu wake ni asilimia 65 ya upana huo, yaani milimita 172. Zidisha mara mbili, kwa kuwa ubavu upo juu na chini, upate 344. Ongeza rimu ya inchi 17, ambayo ni milimita 432. Jumla ni 776. Fanya hivyohivyo kwa 265/70R17 upate 803, na kwa 285/70R17 upate 831. Kutoka 776 kwenda 803 difu imepanda milimita 13 tu. Kwenda 831 imepanda milimita 27, zaidi kidogo ya inchi moja. Jiulize kama mgongo wa njia yako unakushinda kwa inchi moja kweli, au kwa inchi nne ambazo hakuna tairi litakalozileta.

Wenye Land Cruiser ya mizigo, ile ya mkonga, wasikilize hapa kwa makini zaidi. Tairi lake la asili la miaka mingi ni 7.50R16, jembamba na refu, lenye kimo cha karibu milimita 805. Watu hulitazama wembamba wake, wakaona ni tairi dogo, wakaenda kununua 265/75R16 lililojaa machoni. Lipige hesabu: linatoka 804. Umelipa fedha nyingi, umepata upana, na difu iko palepale. Kwenye mchanga upana utakufaa kiasi. Kwenye tope la mfinyanzi tairi jembamba mara nyingi ndilo linalokata tope na kutafuta ardhi ngumu chini, wakati pana linapanda juu ya utelezi na kuzunguka bure. Kama ukipakia unapita zaidi kwenye mfinyanzi, mimi ningebaki na 7.50 mpya zenye meno mazuri. Jambo jingine la gari hili: yaliyotoka baada ya 2007 magurudumu ya nyuma yamekaribiana kuliko ya mbele kwa karibu milimita 95, kwa hiyo ya nyuma hayafuati mtaro uliokanyagwa na ya mbele. Mchangani hilo linakula nguvu, na tairi pana haliliondoi.

Ukishachagua kimo, soma mzigo. Hili ndilo ninaloliona likipuuzwa kila siku, na ndilo linaloua watu. Baada ya ukubwa, ubavuni mwa tairi kuna namba na herufi, mfano 115T au 121/118S. Namba ni mzigo ambao tairi moja linabeba: 112 ni kilo 1,120, 115 ni kilo 1,215, 121 ni kilo 1,450. Zikiwa mbili zimetenganishwa kwa mkwaju, ya kwanza ni ya tairi likiwa peke yake, ya pili ni kwa magari yenye matairi pacha nyuma. Herufi ni mwendo: Q ni kilomita 160 kwa saa, S ni 180. Sasa, 265/70R17 lipo la aina mbili madukani. Moja la magari ya abiria, lenye 115 au chini yake, na jingine lenye maandishi LT mbele ya ukubwa, mara nyingi lenye 121/118. Ukubwa ule ule, meno yanaweza kufanana, na la kwanza huwa na bei nafuu. Tofauti kwa matairi mawili ya nyuma ni kilo 470, yaani mifuko 9 ya saruji uliyokuwa unajiona una haki ya kuibeba. Anayebeba tofali, saruji au matenki ya maji achukue LT, na asikubali kuambiwa “yote ni mamoja, kaka”. Pia mzigo huo umeandikwa kwa upepo uliojaa kwa kiwango kilichotajwa ubavuni. Ukipunguza upepo, umepunguza na mzigo.

Ukiwa umeinama hapo, tafuta neno DOT na tarakimu nne za mwisho. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la mtumba linaweza kuwa na meno mazuri huku mpira umekauka na kupata nyufa ndogo kati ya meno. Jua na hewa ya chumvi vya Pwani havisaidii. Mimi lililopita miaka 6 silipakii mzigo.

Rimu nayo ina kauli. Rimu ya inchi 5.5 iliyozaliwa na 7.50R16 haifai kwa tairi la 265, ambalo linataka inchi 7 na kuendelea. Likibanwa kwenye rimu nyembamba, katikati yake linatuna na kulika haraka, na kwenye kona linayumba. Rimu ya kununua iangaliwe pia namba ya ET kwa nyuma. Namba ikiwa ndogo kuliko ya rimu yako, gurudumu linasogea nje. Likisogea sana linatoka nje ya madgadi, linarusha mawe kwa bodaboda iliyo nyuma yako, na beringi inabeba uzito kwa mkono mrefu. Speza za kusukuma gurudumu nje kwenye gari la mizigo sizishauri kabisa.

Kama rimu zako ni zile za vipande, zenye pete ya chuma inayozuia ubavu wa tairi, mpe kazi fundi anayezijua. Upepo wote utolewe kabla gurudumu halijaguswa. Wakati wa kujaza, gurudumu liwe ndani ya kizimba cha chuma, au angalau lifungwe mnyororo, na mtu asimame pembeni, asiwe mbele ya pete. Pete iliyokaa vibaya inaruka kwa nguvu ya kukata kichwa. Ukiona kijana wa gereji ameikalia ili iingie huku anajaza upepo, mwambie aache, hata kama gari si lako.

Sasa jaribio lenyewe, na usilipe matairi yote kabla ya kulifanya. Omba yafungwe mawili ya mbele. Paka chaki kuzunguka mabega ya tairi, pande zote mbili. Kata usukani mpaka ugote kulia, kisha kushoto, gari likitembea polepole mbele na nyuma. Halafu pandisha gurudumu moja la mbele juu ya tofali mbili zilizolazwa, ili springi ibonyee upande mmoja, ukate usukani tena mpaka mwisho. Shuka, uiname na tochi. Chaki ikionekana kwenye chesisi, kwenye mpira wa breki, au kwenye plastiki ya ndani ya madgadi, umejua mapema. Plastiki inaweza kukatwa au kusogezwa. Mpira wa breki ukiguswa, tairi hilo si la gari hilo. Kuna watakaokwambia uinue springi inchi 2 tatizo liishe. Ukiinua, pembe za magurudumu ya mbele zinabadilika, mipira ya breki inavutika, taa zinawamulika wenzako machoni, na gari lenye tofali juu linalala zaidi kwenye kona. Mimi ningechagua tairi dogo kwa hatua moja.

Kufunga: nati zianzwe kwa mkono, zikazwe kwa kuvuka, yaani ukikaza ya juu unakwenda ya chini, usizunguke kwa mfuatano. Mkazo wa mwisho utolewe gurudumu likiwa chini, kwa spana ya kupima nguvu na kwa namba iliyo kwenye kitabu cha gari. Mashine ya upepo inakaza hata kupita kiasi, na siku utakayopata pancha usiku njia ya Makurunge hutaifungua. Rimu za chuma na za aluminiamu mara nyingi hazitumii nati za aina moja. Ukibadilisha rimu, uliza nati. Kisha balansi na alaimenti. Matairi yote manne yawe ya ukubwa mmoja, na la spea vilevile. Gari la 4x4 la mizigo ambalo mbele na nyuma vina kimo tofauti linajikaza lenyewe kwenye gia kila ukiingiza 4x4. Hakikisha pia spea mpya inaingia mahali pake chini ya bodi, maana wengine hugundua haiingii wakati tayari wako njiani.

Baada ya hapo dashibodi yako itasema uongo. Kutoka 265/65R17 kwenda 285/70R17 kimo kimeongezeka asilimia 7, na kila mzunguko wa gurudumu unakwenda mbali zaidi. Kama zamani ilikuwa inasema kweli, ukiona 50 kwenye dashibodi sasa ni 53 na nusu barabarani, na 80 ni karibu 86. Ukitoka Bunju kuja Mapinga, vibao vya 50 ni vingi na trafiki mwenye tochi hasomi dashibodi yako, anasoma mwendo wa kweli. Pima kwa GPS ya simu ukiwa na mtu wa kuitazama, kisha uandike tofauti kwenye kikaratasi ukibandike mbele yako. Gari pia litahisi zito kuanza, kana kwamba gia zote zimerefushwa kidogo, na breki zitakuwa na kazi zaidi, kwani tairi kubwa ni zito zaidi na linasimamishwa kwa shida zaidi. Acha nafasi kubwa mbele yako, hasa wiki za kwanza.

Ukipita kwenye maji ya bahari au mashamba ya chumvi, osha rimu kwa maji baridi siku hiyo hiyo, ndani na nje, pamoja na nati.

Baada ya kilomita 50 hadi 100 kaza nati tena. Halafu pakia gari mzigo wako wa kawaida, upake chaki upya na urudie jaribio la tofali, kwa sababu gari lililobonyea si lile ulilopima tupu dukani. Langu lilikuwa halijagusa popote likiwa tupu. Nilipolipakia saruji mifuko 20 na kupita kwenye shimo kabla ya Kerege, chaki ilifutika sehemu moja, kwenye plastiki nyuma ya gurudumu la mbele la kushoto. Nilikata kipande cha upana wa vidole viwili kwa msumeno mdogo, nikasawazisha ukingo kwa tupa, na tangu hapo halijagusa tena.