SOMO LA UMEME: WATI NA KVA SI KITU KIMOJA

Tuseme wafugaji wa kikundi kimoja huku Kitulo wanataka jenereta la kuendeshea mashine ya kukatia majani ya ng'ombe, umeme ukikatika. Dukani Makambako wameonyeshwa jenereta la KVA 2.5. Je, litatosha? Kabla hawajatoa pesa ya kikundi, na tupige hesabu.

Fundi amepima mashine ikiwa kazini: volti 230, ampea 12. Tunazidisha:

230 × 12 = 2,760

Hizi ni VA 2,760, yaani KVA 2.76. Usiziite wati bado! Wati tutazipata kwenye LUKU. Zima taa na vitu vingine vyote, washa mashine peke yake, ikate majani nusu saa. Uniti zimepungua 0.97. Kwa saa nzima ni 1.94. Uniti moja ni wati 1,000 kwa saa moja, basi nguvu ya kweli ni wati 1,940.

Sasa gawa:

1,940 ÷ 2,760 = 0.7

Namba hii mafundi huiita pawa fakta.

Mbona haikufika 1? Mota hufanya kazi kwa sumaku, na umeme wa kuijenga sumaku hiyo huja na kurudi ulikotoka. Ni kama jirani anayeazima debe la viazi asubuhi na kulirudisha jioni: hakula hata kimoja, lakini mbebaji amechoka. Mbebaji hapa ndio waya, na ndio jenereta.

Basi KVA 2.5 haitoshi. Tena mota ikianza kuzunguka huvuta ampea mara kadhaa zaidi, kwa hiyo watafute kubwa zaidi sana.

Fundi akifunga kapasita penye mota, pawa fakta yaweza kupanda hadi 0.95. Ampea za waya unaoleta umeme zitashuka:

1,940 ÷ (230 × 0.95) = 8.9 hivi

Waya utapata joto kidogo. Lakini usidanganywe na wauza vijisanduku vya "kupunguza LUKU." LUKU ya nyumbani huhesabu nguvu ya kweli tu! Wenye viwanda vikubwa ndio hufaidi, maana TANESCO huwatoza pia kwa KVA ya juu waliyofikia mwezi huo.

Zoezi: Pampu ya maji inatumia volti 230, ampea 8, wati 1,472. Tafuta pawa fakta. (Jibu: 0.8)