Mto Unaotokana na Theluji

Chukua vipande viwili vya bati, uviegemeze juu ya jiwe mahali penye jua. Juu ya kimoja mwaga kikombe cha maji. Juu ya kingine weka barafu iliyogandishwa kutokana na kikombe kimoja cha maji. Tazama: maji ya kwanza huteremka mara moja, yakaisha. Ya pili huchuruzika kidogo kidogo kwa muda mrefu.

Mto Colorado, nchini Marekani, hupata sehemu kubwa ya maji yake kwa njia hiyo ya pili. Wakati wa baridi kali theluji hurundikana juu ya Milima ya Rocky, na maji ya mto huwa machache. Jua likizidi ukali, theluji huyeyuka. Vijito huteremka kutoka pande zote, huungana, kisha huingia katika mto mkuu. Mto unaomwaga maji yake katika mto mwingine huitwa tawimto. Green, Gunnison na San Juan ni matawimto ya Colorado. Huko juu milimani mto hujaa mwezi wa Mei au Juni, hata kama mvua haikunyesha.

Watu wapatao milioni 40 hutumia maji ya mto huu, na mashamba huyatumia zaidi. Tangu bwawa la Glen Canyon lilipoanza kujazwa mwaka 1963, maji hayo hufika baharini kwa nadra sana.

Sasa rudia jaribio kwa barafu ya nusu kikombe. Je, mwaka wenye theluji chache, mto utakuwaje mwezi wa Juni?