Dondoo muhimu: Kabla ya kupasuliwa kidevu au taya

- Anza na meno. Ukifunga mdomo na meno ya juu na ya chini yasikutane vizuri, huenda tatizo ni taya lenyewe. Muone bingwa wa upasuaji wa kinywa na taya.
- Zijue njia. Kipandikizi cha silikoni hukuza kidevu na kinaweza kutolewa. Njia nyingine, mfupa wa kidevu hukatwa, ukasogezwa mbele na kufungwa kwa skrubu za titani. Ikiwa tatizo ni mafuta ya chini ya kidevu tu, kuyanyonya huenda kukatosha.
- Uliza kuhusu ganzi ya mdomo baada ya upasuaji. Neva ya mdomo wa chini hupita hapohapo. Ganzi huweza kudumu miezi, mara chache isiishe.
- Acha sigara wiki 4 kabla na 4 baada. Huchelewesha kidonda kupona.
- Hakikisha daktari amesajiliwa, na uulize marekebisho yakihitajika yatalipiwa na nani.